Redio ikinyamaza, iulize ramani kabla ya fundi

KWA sisi tuliolelewa katika makazi ya wakimbizi, redio ya masafa mafupi haikuwa anasa. Nilizaliwa Mishamo, magharibi mwa Tanzania, katika familia iliyokimbia Burundi mwaka 1972. Huko nilisoma kwa Kiswahili, na huko habari za nyumbani zilitufikia kwa nguvu ya betri. Betri zikichoka, zilianikwa juani ili zivute siku mbili zaidi.

Leo nafundisha sekondari hapa Makamba, na bado naona watu wakila hasara. Redio ikinyamaza, mtu hukimbilia kununua betri mpya au kwenda kwa fundi. Mara nyingi redio ni nzima. Kilichobadilika ni saa au msimu, au kituo chenyewe kimefungwa. Ili kujua ni kipi kati ya hivyo, mimi hutumia kompyuta ya mtumba niliyo nayo nyumbani na programu za ramani zinazopatikana bure.

Programu inayojulikana sana ni VOACAP. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya Sauti ya Amerika, ili wahandisi wake wajue matangazo yatafika wapi na saa ngapi. Unaieleza mtambo ulipo, mahali ulipo wewe, mwezi, saa na hali ya madoa ya jua. Nayo inakuchorea ramani ya rangi inayoonyesha sauti itasikika vizuri wapi na itafifia wapi. Ukishaiweka kwenye kompyuta, inafanya kazi hata pasipo intaneti.

Ramani ya ukutani darasani huibandika dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, hivyo pande hupotoka. Katika kompyuta naweza kuiweka Makamba katikati, na kila mji ukaonekana katika umbali na upande wake halisi. Hapo ndipo mambo ya ajabu hujitokeza.

Mathalani, wengi husema "nasikiliza London". London iko kilomita 6,800 hivi kutoka hapa, upande wa kaskazini ukielekea kidogo magharibi. Lakini tangu mwaka 1966 BBC imetumia pia mitambo iliyoko kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, karibu kilomita 4,900 magharibi mwetu. Aliyefunga waya wa antena kwa kufikiria London huenda anatafuta upande usio wenyewe. Waya mfupi ulionyooka hupokea vizuri zaidi kutoka ubavuni kuliko kutoka nchani. Kwa hiyo, anayetaka sauti ya Ascension na aunyooshe kutoka kaskazini kwenda kusini.

Mfano mwingine ni Sauti ya Ujerumani. Kuanzia 1965 hadi Machi 2015 ilikuwa na mitambo Kigali, kilomita zipatazo 240 tu kutoka Makamba. Hata hivyo, kuwa jirani na mnara si hoja. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda angani, hugonga tabaka la ionosfia na kurudi chini mbali sana. Yale ya mita 19 yanaweza kumruka jirani kabisa na kutua zaidi ya kilomita elfu moja mbele. Ramani huonyesha eneo hilo linalorukwa kama shimo jeupe kuuzunguka mtambo.

Saa nayo ina neno lake. Mchana, jua hutengeneza tabaka la chini linalomeza mawimbi ya mita 49 na mita 41. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mita hizo husafiri mbali. Kwa upande mwingine, mita 19 na mita 16 hufaa zaidi mchana. Mita 31 na mita 25 ziko katikati, na hufaa sana nyakati za machweo na mapambazuko.

Mama mmoja anayeuza mawese mpakani Mugina aliniletea redio yake akisema, "Mwalimu, hii imekufa." Alikuwa akisikiliza mita 49 jioni nyumbani, na sasa alikuwa akiitafuta namba ileile sokoni saa sita mchana. Nilimwonyesha ramani mbili, ya mchana na ya usiku. "Kumbe fundi angenila bure!" alisema, akacheka.

Mpakani kuna mtego mwingine. Ratiba nyingi za vituo hutolewa kwa saa za kimataifa. Saa 18:00 za kimataifa ni saa mbili usiku Burundi, lakini ng'ambo ya pili, Manyovu, tayari ni saa tatu. Aidha, vituo vingi hubadili masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Jua lenyewe lina mzunguko wa miaka kama 11, na kilele cha karibuni kilikuwa mwaka 2024. Madoa yanapopungua, mita za juu hudhoofika, na msikilizaji hulazimika kushuka.

Kuna pia ukimya ambao ramani haiwezi kuuponya. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza ghafla kufuatia hatua ya serikali ya Marekani. Ikiwa ramani inasema sauti inapaswa kufika, vituo vingine vya mita hiyo vinasikika, na chako hakipo siku tatu mfululizo, basi tatizo liko kwao. Usinunue betri.

Hili si jambo la mchezo. Januari 2024 Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda, mfanyabiashara aliyepata habari mapema aliokoa nauli na mzigo. Umeme ukikatika na simu ikiisha chaji, redio ndogo ya betri hubaki mlangoni kama mlinzi.

Neno la mwisho kwa mwenye kompyuta: chaja yake hutoa kelele zinazoivuruga redio. Tazama ramani, andika saa na mita kwenye karatasi, kisha zima kila kitu. Karatasi hiyo moja, ikibandikwa dukani au kwenye ubao wa soko, yaweza kuwafaa majirani wote hadi msimu ubadilike.