Kuvimba Miguu: Maradhi Yanayotaka Maji, Sabuni na Viatu

Kutoka Kisumu mpaka Siaya na Busia wako watu ambao miguu yao imevimba ikawa mizito, na ngozi yake imekuwa ngumu. Wengi huificha. Huacha kwenda sokoni, kanisani na katika mikutano, kwa kuwa majirani husema kwamba wamerogwa, au kwamba walikanyaga dawa iliyofukiwa njiani. Maneno hayo si ya kweli, tena yana madhara, maana mgonjwa anayemtafuta mchawi hupoteza fedha zake bure, na huku mguu unazidi kuharibika. Yafaa kila mtu ajue maradhi haya yanatoka wapi na jinsi ya kuyatunza.

SABABU YAKE

Katika mwili wa mwanadamu, mbali na mishipa ya damu, iko mishipa mingine myembamba sana iitwayo mishipa ya limfu. Kazi yake ni kukusanya majimaji yanayobaki katika nyama na kuyarudisha katika damu, mfano wa mifereji itoayo maji katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Mfereji ukiziba, shamba hufurika. Na mishipa hiyo ikiharibika, mguu huvimba.

Katika Pwani ya Kenya mishipa hiyo huharibiwa na minyoo midogo iletwayo na mbu, na maradhi hayo huitwa matende. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria hudhani kwamba yao ni hayo hayo, lakini matende ya mbu, katika Kenya, ni maradhi ya Pwani. Katika sehemu za magharibi imeonekana sababu nyingine, nayo ni udongo. Daktari Mwingereza, Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alieleza katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba chembe za madini zilizomo katika udongo mwekundu wa volkeno hupenya ngozi ya mtu atembeaye bila viatu miaka mingi, zikaharibu mishipa ya limfu. Maradhi hayo huitwa podokoniosisi. Hayaambukizi, mtu aweza kula, kulala na kufanya kazi pamoja na mgonjwa bila hofu yo yote.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Uvimbe ukiwa mchanga waweza kupungua sana. Uliokaa siku nyingi hauponi kwa urahisi, lakini waweza kuzuiwa usizidi. Kinachouzidisha ni vijidudu viingiavyo katika nyufa za ngozi na katikati ya vidole. Mgonjwa hushikwa na homa na kutetemeka, mguu ukawa wa moto na kuuma, asiweze kwenda ziwani wala shambani siku kadhaa. Kila homa huuacha mguu mkubwa kuliko kwanza. Basi kazi kubwa ni kuzizuia homa hizo.

Kwanza, mguu uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, hata katikati ya vidole. Mgonjwa asiuoshe kwa kusimama ziwani, kwa maana kandokando ya Ziwa mna vijidudu vya kichocho vipenyavyo ngozi. Achote maji, ayachemshe, kisha ayaache yapoe. Asipokuwa na kuni, ayaweke siku mbili katika chombo kilichofunikwa, na vijidudu hivyo vitakufa.

Pili, aukaushe kwa kitambaa safi, polepole, bila kusugua. Akiona ufa, kidonda au ukungu katikati ya vidole, aombe dawa ya kupaka katika zahanati.

Tatu, aketipo auinue mguu juu ya kiti, na mara nyingi achezeshe kifundo na vidole.

Nne, avae viatu vipana visivyombana. Kufunga mguu kwa bendeji ni jambo jema, lakini afundishwe kwanza na muuguzi.

Asichanje mguu kwa wembe wala kuuchoma kwa dawa za moto, kwa maana kila jeraha ni mlango wa vijidudu. Homa ikija, apumzike, aweke kitambaa cha maji baridi juu ya mguu, aache kuufunga, na aende kwa daktari upesi.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI MARA MOJA

Si kila uvimbe ni wa namna hii. Mguu mmoja uvimbao ghafula na kuuma, uvimbe pamoja na kukosa pumzi, uvimbe wa uso na mikono kwa mama mjamzito, au uvimbe wenye madoa meusi au ya zambarau katika ngozi, ambao waweza kuwa saratani, haifai kungojewa nyumbani hata siku moja.

Mgonjwa hawezi kufanya haya yote peke yake. Mke, mume au mtoto amletee maji, na majirani waache kumcheka. Na kila mzazi ajitahidi kuwavika watoto wake viatu. Bei ya viatu ni kubwa, lakini ni ndogo kuliko mguu uliopotea. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.