Kabla ya kununua vyuma, kagua hewa na unyevu wa chumba cha chini

BAADHI ya nyumba zilizojengwa kwenye miteremko jijini Nairobi huwa na chumba cha chini kilichozama ardhini. Aghalabu chumba hicho hugeuzwa ghala la viti vibovu, ilhali kinaweza kuwa ukumbi wa mazoezi ya viungo.

Mnamo 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwenye ukumbi nyumbani hazuiwi na mvua wala msongamano wa magari.

Hata hivyo, chumba kama hicho si sawa na sebule. Kuta zake hugusana na udongo, na unyevu hupenya kwenye saruji. Kuvu ikiota ukutani, anayehema kwa nguvu huivuta hadi mapafuni, jambo linaloweza kumzidishia mgonjwa wa pumu mashambulizi.

Ili kuupima unyevu huo, tandaza kipande cha karatasi ya plastiki sakafuni, uzibe kingo zake zote kwa utepe, kisha ukiache kwa siku mbili. Ukipata matone upande wa chini, maji yanapanda kutoka ardhini. Usitandike zulia wala mikeka ya mpira kabla ya kurekebisha mitaro ya nje na kuikinga sakafu dhidi ya maji.

Pili ni hewa. Madirisha yanayokabiliana ni bora. Yasipokuwapo, weka feni ya kutoa hewa nje. Kamwe usiwashe jenereta au jiko la makaa humo wala karibu na dirisha lake. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua.

Tatu ni nafasi. Mashine ya kukimbilia humwinua mtu, hivyo pima dari ukiwa umesimama juu yake. Nyuma yake acha takriban mita mbili, kwani anayeteleza hutupwa huko. Baada ya mazoezi, chomoa ufunguo wa usalama na uuweke mbali na watoto. Mwaka wa 2021, kampuni ya Peloton iliondoa sokoni mashine zake za Tread+ nchini Marekani baada ya mtoto kufariki.

Hatimaye, tenga kona ya mkeka yenye mwanga hafifu, ya kunyoosha viungo na kutuliza akili.

Fedha zikiwa haba, anza na feni na mtaro. Kamba ya kuruka yatosha kwa sasa, mashine itasubiri.