Mzigo, jasho na damu: ushauri kwa wachuuzi wa Gatumba

GATUMBA, Burundi – Mchuuzi anayesukuma baiskeli yenye shehena kutoka Bujumbura kwenda Uvira haiiti kazi hiyo mazoezi. Mwili wake lakini huihesabu hivyo, na damu huanza kubadilika ndani ya dakika chache.

Moyo wa mtu aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kwenye kazi nzito, kijana mwenye afya huweza kufikisha lita 20. Mishipa ya misuli hutanuka, ya tumbo hubana. Ndiyo maana kusukuma mzigo mara tu baada ya kushiba husumbua tumbo.

Damu yenyewe nayo huwa nzito kidogo. Sehemu ya maji yake hupenya kwenye misuli, nyingine hutoka kwa jasho, na chembe nyekundu husongamana katika maji machache. Chembe nyeupe na zile za kugandisha damu pia huongezeka kwa muda. Kwa mwenye afya huo si ugonjwa: akipumzika na kunywa maji, hali hurejea kama kawaida.

Hatari huja pale mchuuzi anapojinyima maji ili asipoteze nafasi kwenye foleni, katika joto la bonde la Rusizi. Moyo hulazimika kwenda mbio zaidi kusukuma damu iliyopungua maji.

Kusimama ghafla nako kuna madhara. Misuli ya miguu husaidia kurudisha damu moyoni. Ikitulia huku mishipa ingali imetanuka, damu hubaki chini na kizunguzungu humpata mtu mbele ya dirisha la uhamiaji. Afadhali atembee polepole dakika chache kwanza, au apigepige hatua akiwa kwenye foleni.

Anayesafiri kwa basi kupitia Kobero kuingia Tanzania ana tatizo la kinyume. Akikaa saa nyingi, damu ya miguuni huenda taratibu na inaweza kuganda. Kila kituo ashuke, anyooshe miguu.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kubeba mizigo mizito. Na yeyote anayebanwa kifua, anayepumua kwa shida hata baada ya kupumzika, au aliyevimba mguu mmoja wenye maumivu, aende hospitali siku hiyohiyo. Forodha itamsubiri.