Nishati Halisi ya Mlipuko wa Gama Hukadiriwaje?

Tarehe 23 Januari 1999 setilaiti zilinasa mlipuko wa miale ya gama uliopewa jina GRB 990123. Hesabu ya kwanza ilitoa jouli 3 × 10⁴⁷ hivi, nishati inayozidi ile ambayo ingepatikana iwapo tungamo lote la Jua lingegeuzwa kuwa mionzi. Je, nyota moja yaweza kutoa kiasi hicho? Tuifuate hesabu hatua kwa hatua.

Kwanza, kigunduzi hakipimi mlipuko wenyewe. Hupima nishati iliyoangukia kila sentimita ya mraba.

Pili, umbali. Mng'ao uliobaki baada ya mlipuko ulichanganuliwa, ikabainika kuwa mawimbi yake yamerefushwa mara 2.6 na kupanuka kwa ulimwengu. Umbali hukokotolewa kutokana na kurefushwa huko.

Tatu, huchorwa tufe la kufikirika: mlipuko katikati, Dunia kwenye uso wake. Eneo la uso huo huzidishwa kwa nishati iliyopimwa, kisha upanukaji husahihishwa. Hapa pana dhana iliyojificha, kwamba mlipuko uliangaza pande zote sawasawa. Lakini anayemulikwa usoni na tochi akadhani ni karabai, ataikadiria nguvu yake kupita kiasi.

Tutajuaje kama ni tochi? Mata ikirushwa katika mkondo kwa kasi iliyo karibu na ya mwanga, mng'ao wake hubanwa mbele katika pembe nyembamba, nasi huona sehemu ndogo tu ya mkondo. Mata inapopungua kasi, pembe hutanuka. Ikishavuka kingo za mkondo, hakuna sehemu mpya ya kuonekana, na mng'ao hufifia haraka zaidi. Kwa GRB 990123 badiliko hilo lilitokea baada ya siku mbili hivi, likaashiria mkondo wenye nusu-pembe ya nyuzi 5 hivi.

Mikondo miwili ya namna hiyo, inayoelekea pande zinazopingana, hufunika takriban sehemu 1 kati ya 260 za anga. Jouli 3 × 10⁴⁷ hushuka hadi 1.2 × 10⁴⁵, kama mara kumi ya nishati ya mwendo ya supanova ya kawaida.

Tahadhari mbili zibaki. Pembe hutegemea msongamano wa gesi inayouzunguka mlipuko, ambao hukadiriwa tu. Tena, nishati iliyosalia katika mwendo wa mata haimo katika hesabu hii.

Hata hivyo, jibu ni ndiyo: nyota moja yatosha. Ila kwa kila mlipuko wa aina hii tunaouona, mamia humulika kwingine.