Atomi Inavyopoteza Elektroni katika Nuru Kali ya Leza: Suala la Fizikia na la Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi atomi inavyopoteza elektroni katika nuru kali ya leza, na kuonyesha kwamba vitenzi vya Kiswahili vyaweza kupambanua mambo ambayo istilahi moja ya kukopa, yaani uayonishaji, huyafumbata pamoja.

Elektroni ya haidrojeni hufungwa na kiini kwa nishati ya elektronivolti 13.6. Fotoni moja, yaani chembe ya nuru, ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanometa 800 ina takriban elektronivolti 1.55 tu. Kwa hiyo elektroni haina budi kufyonza fotoni 9 au zaidi kwa pamoja ndipo itoke. Hapa kitenzi kifaacho ni kung'olewa. Mwaka 1979 Pierre Agostini na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba elektroni huweza kufyonza hata fotoni zaidi ya zile zinazohitajika.

Nuru ifikapo wati trilioni 100 na zaidi kwa kila sentimeta ya mraba, uga wake wa umeme huupinda ukuta wa nishati unaoizuia elektroni, hata ukawa mwembamba. Elektroni hairuki ukuta huo, bali huupenya. Mwaka 1964 L. V. Keldysh alibainisha kwamba kung'olewa na kupenya ni pande mbili za jambo moja.

Yatokeayo baadaye hutegemea upolarishaji, yaani namna uga wa nuru unavyotikisika. Uga ukitikisika katika mstari mmoja, huisukuma elektroni mbali, kisha ugeukapo huweza kuirudisha ikagonga ayoni ileile iliyotoka. Paul Corkum alilieleza jambo hili mwaka 1993. Mgongano huo huweza kung'oa elektroni ya pili, au kuzaa mipigo mifupi mno ya nuru. Uga ukizunguka kwa duara, elektroni husukumwa kando, na aghalabu hairudi.

Ni dhahiri basi kwamba kitenzi kupoteza, kikitumiwa peke yake, chaweza kumpotosha mwanafunzi, kwani kilichopotea huenda kikarejea. Istilahi uayonishaji na ibaki kuwa jina la jumla. Chini yake kung'olewa, kupenya na kurejea vitumike kila kimoja mahali pake. Vitenzi hivyo vimo tayari katika lugha. Kilichosalia ni kuvipa mipaka.