Themostati Iliyofukuzwa

Katika msimu wa karafuu uliopita, jirani yangu hapa Wete, Pemba, aliniita nimtazamie pikapu yake, gari kuukuu ya petroli iliyokwisha kuliwa na chumvi ya bahari hata milango yake haifungi ila kwa kupigwa bega, na ambayo pamoja na hayo ndiyo inayomlishia watoto. Mashitaka yake yalikuwa mawili, naye aliyadhania kuwa ni maradhi mawili yasiyojuana: kwamba gari, ikipanda mlima na magunia, huchemsha, na kwamba gari hiyohiyo, ikiachwa sailensi, yaani injini ikinguruma bila ya kukanyagwa mafuta, hutetemeka kama mtu mwenye homa, ikamisi, ikatoa moshi mweusi, na aghalabu ikazima. Mafundi watatu walikuwa wamekwisha kuipitia, na kila mmoja alibadili kitu: huyu plagi, huyu pampu ya mafuta, huyu koili. Fedha zilikwenda, maradhi yakabaki.

Pemba imesifika tangu zamani kwa waganga wake, na watu huvuka bahari kuwafuata. Nami, bila ya kuingia katika hoja ya nani aaminiwe, naona kwamba mganga hodari hutangulia kuuliza kabla ya kuchuma jani. Swali la kwanza kwa gari inayochemsha ni hili: huchemsha wakati gani? Ikichemsha imesimama, tuseme katika foleni ya kungojea meli bandarini Mkoani, kisha ikapoa ikienda, basi shaka iangukie feni, kwa kuwa gari iendayo hupata upepo wa bure, na iliyosimama haina upepo ila wa feni yake. Ikichemsha mlimani na mzigo, ilhali tambarare imetulia, basi aghalabu rejeta imeziba au maji hayazunguki inavyopasa. Na ikiwa maji hupungua kila siku bila ya kuonekana tone chini, na asubuhi injini huwaka kwa kutetemeka na moshi mweupe usiokoma, na ukifungua rejeta iliyopoa kisha ukawasha ukaona mapovu yakipanda mfululizo, hapo tuhuma ni ya gasketi ya silinda hedi, nawe usiiendeshe tena hata hatua moja, kwani hedi ya aluminiamu ikishapinda, bei ya matengenezo huweza kuipita bei ya gari yenyewe.

Rejeta iliyopoa, nimesema. Maji yaliyomo humo hayako kama maji ya chunguni. Mfuniko huyabana, na kwa mbano huo hayachemki katika nyuzi 100, bali hungoja hata zipindukie 115. Ukiufungua mfuniko ungali moto, mbano huondoka ghafla na maji hulipuka kuwa mvuke usoni mwako. Namjua dereva mmoja aliyefanya hivyo, na kifua chake kina ramani ya siku hiyo mpaka leo.

Gari ya jirani yangu ilikuwa ya kuchemsha mlimani. Nikafungua rejeta asubuhi kabla haijawashwa, nikakuta maji mekundu kama ya udongo, naye akakiri kuwa huteka kisimani, karibu na pwani, maji ambayo mwenyewe hayanywi kwa chumvi na chokaa yake. Tukaiwasha hata ikapata moto, nikazima na kuchomoa ufunguo, maana feni ya umeme huweza kuzunguka bila ya ruhusa, kisha nikaipapasa rejeta kwa kiganja kwa hadhari. Juu ilikuwa moto. Chini, upande wa kushoto, palikuwa na pahala pana kama sahani pa baridi kama mtungi. Hapo mirija imezibwa na kutu na magaga, maji hayapiti.

Basi nikauliza, "Themostati ipo?"

"Haipo, bwana. Ilitolewa zamani. Fundi alisema nchi yetu ya joto haiitaki."

Kauli hii nimeisikia kote pwani, na nathubutu kuiita batili. Themostati ni bawabu. Ndani yake mna nta ambayo, joto la maji likifika nyuzi 82 au 88 kwa kadiri ya injini, huyeyuka, ikatanuka, ikausukuma mlango wa kuelekea rejeta. Na katika injini nyingi za Kijapani bawabu huyo ana mlango wa pili nyuma yake, ambao hufungwa wakati ule wa kwanza unapofunguka, ili maji ya moto yasirudi injini kwa njia ya mkato bila ya kupozwa. Mwondoe bawabu, na njia ya mkato hubaki wazi daima. Mlimani, injini inapohitaji kupozwa kwa kila tone, sehemu ya maji huipita rejeta pembeni. Tambarare na katika sailensi, kinyume chake, maji hukimbilia rejeta tangu mwanzo na injini haipati joto lake. Na kompyuta ya gari, ikiambiwa na senza kwamba injini ingali baridi, huimwagia petroli ya asubuhi mchana kutwa; ndiyo maana plagi mpya za jirani yangu zilikuwa nyeusi kama masizi ya jikoni. Kwa sehemu kubwa ugonjwa ulikuwa mmoja, ukionekana kwa nyuso mbili.

Rejeta ikafunguliwa ikasuguliwa, maji ya kisima yakabadilishwa na kulanti. Themostati yenyewe tuliikuta katika kisanduku cha spana, imefungwa kitambaa. Nikaifunga uzi, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, isiguse chini, na sote tukainamia: maji yakaanza kutoa mvuke, vipovu vikajipanga ukutani, na kabla hayajatokota, mlango ukafunguka taratibu kama kobe anayetoa kichwa. Nilipoitoa, ukajifunga. Haikuwa na kosa lolote tangu siku ilipofukuzwa.

Baada ya kuirejesha, mtetemeko ulipungua ila haukwisha. Nikachukua brashi na maji ya sabuni, nikapaka mipira midogo ya upepo mmoja baada ya mmoja injini ikiwa sailensi. Penye mpira wa nyuma, povu likanywewa na mlio wa injini ukabadilika papo hapo. Ufa wa urefu wa ukucha ulikuwa ukivuta hewa isiyohesabiwa. Mpira huo ulikuwa wa bei ndogo kuliko plagi moja.

Gari sasa inapanda na magunia yake, na mkono wa joto umekaa katikati. Iliyobaki ni kesi ya sufuria. "Shemeji," aliniambia mke wa jirani yangu, akiitazama kwa mbali, "hiyo chukua tu ukachemshie vyuma vyenu."