Damu Kwenye Mkojo: Dawa Isibebeshwe Lawama Kabla ya Kipimo

Mkaazi wa Thika au Ruiru anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu moyo wake unapiga bila mpangilio, siku akiona mkojo mwekundu, kwa kawaida hukimbilia mojawapo ya maamuzi mawili: kuacha vidonge papo hapo, au kujituliza kwamba "ni dawa tu" na kungoja. Yote mawili yanatokana na dhana moja, kwamba dawa ndiyo iliyoleta damu. Dhana hiyo ni ya kutiliwa shaka. Mara nyingi dawa hukifanya kidonda kilichokuwepo kivuje mapema, na kinachovuja mapema kinaweza kutibiwa mapema.

Tuanze na anayeacha. Moyo ukitetemeka badala ya kupiga kwa mdundo wake, damu hutuama kwenye chumba cha juu cha kushoto na kuganda. Bonge likichomoka, hupanda hadi ubongoni. Mtetemo huu wa moyo huzidisha hatari ya kiharusi takriban mara 5, na warfarini huipunguza kwa karibu theluthi mbili. Anayejiachisha dawa anakimbia mkojo mwekundu na kujiweka kwenye njia ya kupooza. Wapo wanaosema basi abadilishiwe apewe dawa mpya. Kwa baadhi inafaa, lakini kwa mwenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, utafiti wa kimataifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa dawa za kundi la warfarini zilipunguza vifo kuliko rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya.

Anayengoja naye ana la kujibu. Watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 66 na zaidi. Ndani ya miezi 6, saratani ya kibofu iligunduliwa kwa asilimia 0.70 ya waliotumia dawa za kuzuia damu kuganda, dhidi ya asilimia 0.38 ya wasiotumia. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba damu iliwafikisha kwa daktari mapema. Asilimia hizo ni ndogo, na wengi hukutwa na maambukizi, mawe au tezi dume iliyovimba. Lakini bila kupima hakuna ajuaye yuko kundi gani. Aliyefanya kazi miaka mingi na rangi za viwanda vya nguo au ngozi, kazi isiyo ngeni Thika, amwambie daktari, na vivyo hivyo mvutaji sigara na aliyekulia Kwale au Tana River kwenye kichocho.

Mtu atauliza: je, kama damu imekuwa nyepesi kupita kiasi? Hilo hutokea, na ndiyo maana hupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda. Wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Septrin au Flagyl iliyonunuliwa duka la dawa bila kutaja warfarini huweza kuipandisha, na diclofenac ya maumivu ya goti huongeza hatari ya kuvuja damu. Hata hivyo INR ya juu haifuti haja ya kutafuta chanzo. Mwongozo wa mwaka 2020 wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani unataka wanaotumia dawa hizi wachunguzwe sawa na wasiotumia.

Gharama ni hoja nzito, ila uchunguzi huenda kwa ngazi: mkojo, INR na wingi wa damu kwanza, kisha ultrasound, na kamera ya kibofu kwa anayeihitaji. Thika Level 5 ni mahali pa kuanzia, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta haiko mbali na Ruiru. Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na vidonge vyote unavyotumia, na daktari ndiye aamue kama dozi irukwe. Mkojo ukitoka na mabonge, ukiziba, au ukisikia kizunguzungu, usingoje kliniki. Nenda kitengo cha dharura.